Uchachu, Tindikali na Chokaa: Istilahi za Udongo Mbele ya Mkulima wa Kakao

Makala haya yanakusudia kuchunguza kikundi kidogo cha istilahi za kilimo ambazo wafasiri, walimu na mabwana shamba huzitumia mara kwa mara, lakini ambazo bado hazijapatana zenyewe kwa zenyewe. Ni istilahi zihusuzo udongo uliozidi uchachu na namna ya kuurekebisha. Tumeona vema tuzipime katika kazi moja mahsusi, nayo ni ukuzaji wa miche ya kakao katika viriba huko Makwale, wilayani Kyela. Istilahi inaweza kupendeza mezani pa mfasiri na bado ikashindwa kitaluni.

Kwanza tueleze hali ya mahali. Kyela ni nchi tambarare iliyoko kaskazini mwa Ziwa Nyasa, mahali penye mvua inayozidi milimita 2,000 kwa mwaka. Mvua nyingi ya namna hiyo huyeyusha kalsiamu na magnesiamu zilizomo udongoni na kuzichukua chini, pasipofikiwa na mizizi. Nafasi yake hushikwa na haidrojeni na alumini. Hatusemi kwamba kila udongo wa Kyela ni mchachu, maana udongo wa kingo za mito si sawa na ule wa miinuko. Tunasema tu kwamba hatari ipo, na kwamba mche ulio kiribani hauna pa kuikimbilia. Mti wa shambani huweza kupeleka mizizi mahali pengine. Mche wa kiribani una lita moja au mbili za udongo, basi.

Neno kiriba lenyewe lastahili sifa. Hapo kale lilikuwa jina la mfuko wa ngozi wa kuchukulia maji. Wakulima na watu wa misitu wakalihamishia kwenye mfuko wa plastiki wa kuoteshea miche, na leo hakuna asiyelielewa. Hata hivyo tunakutana na tafsiri zinazoandika “udongo wa chungu” kwa sababu tu neno la kigeni lilitaja chombo cha kupandia. Mkulima asomapo “udongo wa chungu” hufikiria udongo wa kufinyangia vyungu, ambao ungeisonga mizizi ya mche wake. Hapa mfasiri alikuwa na kamusi mkononi, lakini hakuwa na kitalu akilini.

Sasa tufike kwenye kiini cha jambo. Kwa hali moja ya udongo tunayo maneno manne yanayogombania nafasi: asidi, tindikali, ukali na uchachu. Neno asidi limekwisha kujijengea makao shuleni, pamoja na mwenziwe besi, na hatuna ugomvi nalo katika somo la kemia. Tindikali nalo ni neno la siku nyingi, lakini katika matumizi ya watu wote limebeba picha ya kimiminika kiunguzacho. Mwaka 2013, magazeti yalipoeleza habari za watu waliomwagiwa tindikali huko Zanzibar, hakuna msomaji aliyehitaji kufafanuliwa maana yake. Kwa hiyo anayeambiwa kwamba shamba lake “lina tindikali” ana haki ya kudhani kwamba kuna kitu kilichomwagwa humo, na kwamba kitu hicho chaweza kuondolewa au kukwepwa. Ukweli ni kwamba uchachu wa udongo ni hali yenye kupanda na kushuka, mithili ya joto. Ukali, kwa upande wake, ni neno pana mno: jua ni kali, mbwa ni mkali, na mbolea iliyozidi nayo huitwa kali.

Limebaki neno uchachu. Wapo wanaolipinga wakisema kwamba uchachu ni wa maziwa na uji, na kwamba kuchacha ni kuharibika kwa chakula. Pingamizi hilo lina uzito, kwa sababu anayetengeneza mboji anaweza kudhani kwamba udongo mchachu ni ule ambao mboji yake haijaiva. Lakini sisi twaona kwamba faida ya neno hili inashinda hasara yake. Uchachu una daraja, kwani watu husema uji umechacha kidogo, umechacha, umechacha mno. Tena uchachu wa maziwa na uchachu wa udongo kwa hakika ni jambo lile lile katika kemia. Neno lililokwisha kukaa ulimini mwa mtumiaji halihitaji kufundishwa upya. Linahitaji tu kuwekewa mipaka.

Kosa kubwa zaidi, hata hivyo, halimo katika jina bali katika mwelekeo wa kipimo. Kipimo cha pH kiliwekwa na mwanakemia wa Denmark, Sørensen, mwaka 1909. Kwa kawaida huhesabiwa tangu 0 hadi 14, na 7 ndiyo nambari ya katikati. Nambari ikishuka, uchachu hupanda. Tena hatua zake si sawa na hatua za rula: udongo wa pH 5 ni mchachu mara kumi kuliko wa pH 6, na mara mia kuliko wa pH 7. Lugha yetu ya kila siku imezoea kwamba kiwango cha chini maana yake ni kitu kichache. Mfasiri asiyekuwa macho hukuta maneno yasemayo kwamba pH iko chini, naye huandika “udongo wenye uchachu mdogo”. Akikuta agizo la kuipandisha pH, huandika “ongeza uchachu”. Kila neno katika sentensi hizo ni Kiswahili safi, na kila sentensi ni kinyume cha ukweli. Kakao huvumilia pH ya 5 hadi 7.5, chini ya 5.5 alumini huanza kuyeyuka na kudumaza mizizi ya mimea mingi. Mwenye kitalu akiongozwa na tafsiri ya namna hiyo atauacha bila dawa udongo unaohitaji dawa.

Dawa yenyewe ni chokaa, na hapa pana mtego mwingine. Katika Kiingereza neno lililo jina la chokaa ndilo pia jina la ndimu. Haitoshi kucheka. Maji ya ndimu ni machachu kupita udongo wowote wa shambani, na tafsiri iagizayo ndimu mahali pa chokaa huagiza ugonjwa mahali pa dawa. Lakini hata anayeandika chokaa hajamaliza kazi, maana Kiswahili huita chokaa vitu visivyo sawa. Ipo chokaa hai, itokayo tanuruni, ambayo huchemka ikitiwa maji na huunguza ngozi na mizizi. Ipo chokaa iliyozimwa, ambayo watu hupakia kuta. Ipo pia chokaa ya kilimo, ambayo ni mawe ya chokaa yaliyosagwa tu bila kuchomwa, na aina yake moja ina magnesiamu pia. Hii ya tatu ni pole na hufanya kazi taratibu; yafaa ichanganywe na udongo majuma kadhaa kabla ya kupanda. Kitabu kinachosema “weka chokaa” na kunyamaza kinamwachia mkulima achague kati ya hizo tatu, naye huenda akachagua ile iliyo karibu, yaani ya kupakia nyumba.

Pia yapo maneno mawili ya vitendo yanayotutia wasiwasi. La kwanza ni kuzimua, linalotumiwa na baadhi ya waandishi kwa maana ya kuuondoa uchachu. Kuzimua ni kupunguza nguvu ya kitu kwa kukitia maji. Mkulima wa Makwale hakosi maji. Maji ya mvua ndiyo yaliyomletea uchachu. Kumwambia azimue ni kumrudisha kwenye chanzo cha tatizo. La pili ni kurutubisha. Wakulima husema “udongo umechoka”, nao waandishi huitikia kwa kusema “urutubishwe”. Rutuba na uchachu ni mambo mawili. Baadhi ya mbolea za viwandani, hasa salfeti ya amonia, huuongezea udongo uchachu kila zinapotumiwa. Mtu aliyeambiwa arutubishe, hali udongo wake ulihitaji kupunguziwa uchachu, huenda akagharimia mbolea ili kuzidisha madhara.

Hatimaye kuna lugha ya vipimo. Maandishi mengi hutaja chokaa kwa tani kwa hekta, kisha msomaji huachwa ajipimie. Tuchukue tani 2 kwa hekta, kwa mfano wa hesabu tu. Hizo ni gramu 200 kwa kila mita ya mraba. Zikichanganywa katika udongo wa kina cha sentimita 20, ambao ni lita 200, kila lita hupata gramu 1. Kiriba cha lita mbili kitahitaji gramu 2, ambazo hazijazi hata kijiko cha chai. Debe la lita 20 litahitaji gramu 20. Aandikaye “konzi ya chokaa” kwa kila kiriba anaagiza kipimo kilichozidi mara nyingi, na chokaa iliyozidi nayo huunyima mche chuma na zinki. Mfasiri hawezi kusema kwamba hesabu si kazi yake, maana kijiko, konzi na debe ni maneno, na maneno ndiyo kazi yake.

Kwa hiyo twapendekeza yafuatayo yafikiriwe. Mosi, asidi litumike kwa kemikali yenyewe, shuleni na maabara. Tindikali libaki kwa kimiminika kiunguzacho. Na hali ya udongo iitwe uchachu. Pili, alama ya pH isitafsiriwe, lakini kila inapotokea mara ya kwanza katika maandishi ya umma ifuatwe na maneno haya: nambari ikishuka, uchachu hupanda. Tatu, neno chokaa lisiachwe peke yake katika maagizo ya kilimo, bali iandikwe chokaa ya kilimo, na chokaa hai ikatazwe kwa jina. Nne, kitendo kiitwe kupunguza uchachu. Kuzimua na kurutubisha yarudishwe kwenye maana zake. Tano, vipimo vya shambani vigeuzwe kuwa vya kiribani kabla maandishi hayajapigwa chapa.

Wapo watakaosema kwamba kutenga uchachu na asidi ni kumwongezea mwanafunzi mzigo. Jibu letu ni kwamba lugha hai hutofautisha penye haja. Mchele, mpunga na wali ni mmea mmoja, wala hakuna mtoto wa Kyela anayeyachanganya, kwa sababu kila neno lina kazi yake. Tangu Baraza liundwe kwa sheria mwaka 1967 tumesanifu istilahi nyingi, na mara nyingi tumeuliza kama neno ni la Kiswahili. Swali hilo ni la haki, lakini lina mwenziwe: msomaji akilitii neno hili, mkono wake utafanya nini? Wafasiri wanaoshika maandishi ya kilimo wayasome mara ya mwisho pamoja na mtu mwenye kitalu, kabla ya kuyapeleka kwa mpiga chapa.