Fundi wa Ukurasa wa Kwanza

"Unaamka saa ngapi?" maalim aliniuliza.

Nilimwendea barazani kwake, Malindi ya Unguja, baada ya sala ya alasiri, nimekumbatia majalada mawili ya Ihyaa, kitabu cha Imam Ghazali. Nilikuja na suala moja tu: Ghazali nimuanzie wapi? Nilidhani ataniuliza nahau nimesoma kwa nani, Kiarabu changu kimefika wapi. Yeye anataka saa ya kuamka. Nikamwambia kweli: saa moja, jua limeshatoka. Hakunigombeza. Aliinuka, akaingia ndani, akaniacha na majalada yangu na kikombe cha kahawa.

Nilikuwa nimeshajaribu mwenyewe. Nilianza na Tahafut al-Falasifa kwa sababu jina lake zito na, nisijifiche, nilipenda watu wanione nacho. Suala la kwanza humo ni kama ulimwengu una mwanzo au umekuwepo tangu milele. Ghazali anabishana na mwanafalsafa Ibn Sina, na mimi Ibn Sina sikuwahi kumsoma hata mstari. Nikawa kama mtu aliyefika barazani ugomvi umeshakolea: simjui aliyeanza, simjui aliyeudhiwa, lakini natikisa kichwa. Siku ya nne nikakifunga. Nikahamia Ihyaa, vitabu 40 katika robo nne: ibada, desturi za maisha, yenye kuangamiza na yenye kuokoa. Nikarukia robo ya tatu, kwani maradhi ya moyo ni matamu kuyasoma. Husuda, kiburi, riya: kila nilipofika, nilimjua jirani anayestahili kusomewa ukurasa ule.

Waliokosea mlango kabla yangu ni wengi, na wengine wasomi wakubwa. Katika karne ya 12, huko Toledo, kitabu chake Maqasid al-Falasifa kilitiwa katika Kilatini. Ndani yake Ghazali anayaeleza mafunzo ya wanafalsafa kwa uadilifu kabla ya kuyapinga, na anasema hivyo katika dibaji. Nakala nyingi zilizoenea Ulaya hazikuwa na dibaji ile. Basi kwa muda mrefu wasomi wengi wa huko walimjua "Algazel" kuwa ni mfuasi wa Ibn Sina! Ukurasa mmoja ulipotea, mpinzani akageuzwa mwanafunzi.

Maalim alirudi na kitabu chembamba, karatasi zake zimegeuka rangi ya manjano, uzi wa mgongoni umelegea. Ilikuwa Bidayat al-Hidaya pamoja na sherehe, yaani ufafanuzi, ya Sheikh Nawawi wa Banten, kisiwani Java. Sherehe imejaa katikati ya ukurasa. Maneno ya Ghazali yamepangwa pambizoni, herufi ndogo ndogo. Maalim akaweka kidole pale pembeni. "Msome huyu. Huyo wa katikati mwite ukikwama."

Nikasoma. Kabla ya lolote, Ghazali anamkamata mwanafunzi na kumuuliza elimu anaitakia nini. Kama ni kwa ajili ya kushindana na kujionyesha, basi anajiangamiza mwenyewe. Nikayatazama majalada yangu mawili pale barazani. Baada ya dibaji, mlango wa mwanzo kabisa ni adabu za kuamka usingizini. Kisha choo, udhu, njia ya msikitini, mpaka mtu arudi kitandani. Ndipo nikaelewa nimeulizwa nini.

Ufundi huu wa kumchagulia mtu kitabu cha kuanzia ndio ninaousifu. Katika fiqhi kazi ni nyepesi, maana ngazi ya vitabu ipo na pwani nzima inaijua: Safina, Abu Shujaa, hadi Minhaji. Ghazali hana ngazi. Kuna alichowaandikia mafakihi, kuna alichowaandikia wanafalsafa, kuna alichojiandikia mwenyewe, na ukichukua cha mwenzio utaona mwandishi mgumu kumbe mlango si wako. Wa kukuonyesha mlango lazima awe amevisoma vyote, kisha akusome na wewe. Mji Mkongwe umewahi kuwa na watu wa namna hiyo: Sheikh Abdallah Bakathir aliyesomesha Ukutani, na Sayyid Ahmad bin Sumayt, wote wawili wakafariki mwaka 1925. Kwa wenyewe, kitabu husomwa mbele ya mtu.

Najua wenzangu wa chuo kikuu humpa mgeni al-Munqidh kwanza, kwa kuwa humo Ghazali anasimulia maisha yake: Baghdad mwaka 1095, ulimi unakataa kusomesha, chakula hakipiti kooni, mpaka anaondoka mjini. Kisa kizuri mno, na ubaya wake ni huo. Msomaji anampenda mtu aliyepona kabla ya kujua aliumwa nini. Munqidh ni kitabu cha kurejea, wala si cha kuanzia.

Ghazali mwenyewe, mle ndani ya Bidaya, anamwambia msomaji aijaribu nafsi yake kwa huu mwanzo. Ikitii, ndipo aende kwenye Ihyaa. Maalim alilichukua neno hilo kama lilivyo. Jioni ile nilipotaka kuondoka aliyazuia majalada yangu: "Haya niachie." Yalikaa kwake miezi minane. Nilirudishiwa alfajiri moja, tunatoka msikitini, akaniambia nianze na kitabu cha elimu, kilicho cha kwanza katika robo ya kwanza, na nisiruke.

Robo ya nne sijaifika mpaka leo.