Behewa la Sentimita Tisini

Nilipoliona mara ya kwanza lilikuwa bado sanduku la tripleksi lisilo na madirisha, limewekwa juu ya meza chini ya mwembe, huko Katuba, hapa Lubumbashi. Mzee aliyeliinamia alisikia hodi yangu lakini hakuinua kichwa. Alinyoosha kiganja tu, nikasubiri. Alikuwa anahesabu mbao katika picha ya zamani, zile mbao nyembamba za ubavuni mwa behewa, akizifuata moja moja kwa ncha ya sindano. Alipofika mwisho akaandika namba pembeni mwa gazeti, kisha akaanza kuhesabu upya kutoka upande wa pili. Namba mbili zilipolingana ndipo aliponikaribisha kiti.

Tangu siku hiyo nimekwenda kwake Jumamosi nyingi. Anachounda ni behewa la ukaguzi. Tusilichanganye na kiberenge, kile kigari kidogo ambacho mafundi wa njia hupanda na spana zao kwenda kukaza reli. Behewa la ukaguzi ni nyumba kamili juu ya magurudumu. Hufungwa mkiani mwa treni, na upande wake wa nyuma una madirisha mapana, mara nyingi na kibaraza, ili mhandisi akae akitazama njia inavyokimbia kutoka chini yake: reli iliyopinda, taruma lililooza, kokoto zilizotitia baada ya mvua. Ndani mna sebule yenye meza ya kutandazia ramani, vyumba vya kulala, bafu, na jiko. Kwa reli yetu hiyo haikuwa anasa tupu. Njia iliingia mjini hapa kutoka kusini mwaka 1910, ikafika Bukama mwaka 1918, na ilipofika 1928 kampuni ya BCK ilikuwa imeifikisha Ilebo, kwenye mto Kasai, zaidi ya kilomita 1,500 kutoka hapa. Mkaguzi wa njia ndefu namna hiyo hulala pale usiku unapomkuta.

Mzee hana mchoro wa kiwandani. Ana picha tatu, ana kumbukumbu, na ana subira ambayo sijaiona kwa mtu mwingine. Picha haisemi urefu wa kitu, lakini picha ya treni ina rula ndani yake, nayo ni reli zenyewe. Kwetu Katanga, kutoka reli hadi reli ni milimita 1,067. Picha iliyopigwa kutoka nyuma, ikaonyesha reli zote mbili chini ya behewa, humpa upana. Upana humpa kimo cha dirisha. Dirisha lile lile, akilikuta katika picha ya ubavuni, humpa urefu wote. Ni kazi ya kupanda ngazi, na ukikosea ngazi ya kwanza umekosea zote. Ndiyo maana picha moja, ya Kalemie kwenye Ziwa Tanganyika, aliiweka kando wiki nzima. Njia za upande ule zilijengwa kwa upana wa mita moja kamili, zikapanuliwa kufuata zetu mwaka 1955 tu. Picha haina tarehe. Ukiichukulia kuwa ya baada ya 1955 kumbe ni ya kabla, behewa la mita 18 litatoka na mita 19 na zaidi. Nilimwambia kwa macho yangu naona kama njia ni ile ile ya siku hizi.

“Macho inadanganyaka, mutoto yangu. Metre hapana.”

Akaendelea kuitafuta tarehe kwenye vitu vingine: mlingoti wa taa, kofia za watu, herufi zilizoandikwa ubavuni. Mwishowe aliamua kutoitumia kabisa, na mimi nauheshimu uamuzi huo kuliko kazi nyingi zilizomalizika nilizowahi kuziona.

Kipimo chake ni rahisi: kila mita ni sentimita tano. Behewa linakuwa na sentimita 90, na reli zake zimeachana kwa milimita 53 na kidogo. Huko New Zealand, ambako reli nazo zina upana kama wetu, wapo mafundi wanaounda kwa moja kwa 64, kwa sababu kwa kipimo hicho reli ndogo za dukani, zenye upana wa milimita 16.5, karibu zinalingana na za kweli. Katuba duka la namna hiyo hakuna, na kwa maoni yangu hapo ndipo ufundi wetu ulipopata faida. Asiyefungwa na kipimo cha dukani huchagua kipimo kinachofaa mikono yake. Na mikono ya hapa inaanza mapema: mtoto wa Katuba huunda gari la waya, lenye usukani mrefu wa kuliendesha akiwa amesimama, kabla hajajua kuandika jina lake vizuri. Mzee anakunja nguzo za kibaraza kwa namna ile ile, waya ukiwa umebanwa kati ya kidole gumba na jino la koleo, bila kuupima mara ya pili. Kwa nguzo tu. Vingine vyote hupimwa.

Vioo ndivyo vilivyonishangaza zaidi. Huchukua picha kuukuu za eksirei, akazilaza katika beseni la maji ya Javel, yale ya kung'arishia nguo. Baada ya muda weusi unalainika, unajikunja na kuteleza kama ngozi ya maziwa, na mbavu za mtu asiyejulikana zinayeyuka mbele ya macho yako. Kinachobaki ni karatasi angavu, ngumu, yenye ubuluu kwa mbali sana. Anaisuuza, anaianika kwenye kamba kwa vibanio vya nguo, kisha anaikata kwa wembe. Ubuluu huo ameupenda. Anasema vioo vya behewa vilikuwa na rangi hiyo jioni.

Magurudumu aliyamimina kwa alumini ya sufuria mbovu, katika udongo, kwa moto wa makaa wa mbabula. Gurudumu la treni si bapa pale linapokanyaga reli. Limechongwa kimshazari kidogo, nene upande wa ndani, jembamba upande wa nje, na mshazari huo ndio unaolirudisha katikati kila linapoyumba. Akaupiga tupa, gurudumu moja baada ya jingine, kwenye uso ambao behewa likishasimama rafuni hauonekani kamwe. Nilipolisukuma behewa kwa kidole juu ya reli zake fupi liliyumba mara moja, kisha likanyooka lenyewe.

Lakini muda mwingi kuliko wote ameutumia jikoni. Sebule ya bwana mkubwa, yenye viti na meza, aliimaliza kwa Jumamosi mbili. Jiko, lililochukua upana wote wa behewa upande ule usio na madirisha mapana, limemchukua miezi. Marehemu baba yake alikuwa mpishi katika behewa kama hilo, naye mwenyewe, akiwa mtoto, aliwahi kupandishwa humo treni ikiwa imesimama. Hakuna hata picha moja kati ya zile tatu inayoonyesha ndani ya jiko. Liko kichwani mwa mzee tu. Kwa hiyo anakumbuka kwa mwili: anasimama, anainua kiwiko, anasema baba alikuwa akigonga hapa, basi rafu haiwezi kuwa chini ya hapa. Kuna tangi la maji darini, jiko la makaa lenye ukingo wa chuma ili sufuria zisianguke, na karibu na mlango kulabu moja ya shaba, ambayo ameitundikia kitaulo cha shashi kisichozidi ukubwa wa ukucha.

Nilimwuliza: “Papa, nani ataona haya yote, na paa likishafungwa?”

“Mwenye alikuwa anapikamo, anajua.”

Jumamosi iliyopita nilimpelekea kisa cha stesheni ya Kima, Kenya, nikidhani kitamfurahisha. Juni 1900, mkuu wa polisi wa reli ya Uganda, Ryall, alilala na wenzake wawili katika behewa lake la ukaguzi kwenye njia ya pembeni ya stesheni hiyo, wakimvizia simba mla watu. Behewa hilo bado lipo, katika jumba la makumbusho ya reli Nairobi. Njia ilikuwa mpya, haijakaa sawasawa, na behewa lilikuwa limeinama upande. Mlango wake ulikuwa wa kuteleza. Simba alipoingia, uzito wake uliliinamisha behewa zaidi, mlango ukateleza na kujifunga nyuma yake, watu watatu wakawa wamefungiwa pamoja naye. Alimuua Ryall na kutoka naye dirishani.

Mzee alikuwa anasugua mlango wa jiko kwa msasa. Mlango huo nao ni wa kuteleza, unakata upana wa behewa, na reli yake ndogo ya shaba ameipaka nta ya mshumaa. Hakusema lolote juu ya simba. Aliuweka mlango mahali pake, akaufungua, akaingiza njiti ya kiberiti chini ya reli ya njia, upande mmoja. Akaongeza ya pili. Ya tatu. Nilijua anachopima: penye kona reli ya nje huinuliwa kuliko ya ndani, na njiti tatu, kwa kipimo chake, ni kama sentimita 12 za kweli. Kisha akagonga meza kwa kidole, polepole, kama treni inavyotetema.

Mlango ukaanza kwenda wenyewe. Ukafika mwisho: tak.

Akaufungua, akagonga tena. Tak.

“Ni juu ya ile kulikuwaka kroshe,” alisema, akimaanisha kulabu.

Akakitoa kitaulo kwenye kulabu kwa ncha ya sindano, akakiweka kwenye kifuniko cha kopo. Halafu akavuta waya wa shaba, akaanza kukunja pete ya mlangoni ya kuingia kwenye kulabu ile, ili mpishi akiwa na sufuria ya moto mkononi aukute mlango uko wazi.