Padri, Kasisi na Kuhani: Uhakiki wa Fasili za Kamusi kwa Kuangalia Rumonge

Kamusi za Kiswahili zimezoea kufasili kasisi kwa padri na padri kwa kasisi. Mazoea hayo huokoa nafasi, lakini humwacha mfasiri wa Rumonge mikono mitupu. Mwaka 1879 Wamisionari wa Afrika walifungua kituo hapo kandoni mwa Ziwa Tanganyika. Mei 1881 watatu kati yao waliuawa. Anayeandika “mapadri watatu” amekosea: Deniaud na Augier walikuwa mapadri, D’Hoop alikuwa msaidizi mlei.

Kirundi, jirani wa Kiswahili mjini humo, kina uangalifu zaidi. Umupatiri ni jina la kumwitia mtu. Umusaserdoti, lenye asili ya Kilatini, hutaja daraja takatifu aliyopewa. Kihispania nacho hutenga padre, sacerdote na cura: la kwanza ni la kuitia, la pili hutaja mwenye kutoa sadaka, la tatu mwenye kutunza waumini wa parokia. Kiswahili kilipokea padre kwa Wareno, kikaliacha sacerdote. Kuhani lingeweza kuziba pengo hilo, lakini Biblia imelifungamanisha mno na ukoo wa Haruni.

Kasisi lina safari yake. Ni la Kiarabu, na limo katika Kurani (5:82) likiwataja watu wa dini wa Kikristo. Mwislamu wa Rumonge huweza kulijua kabla ya kufungua kamusi yoyote. Tena, kasisi wa Kianglikana huoa, ilhali padri wa Kanisa la Kilatini haoi. Mfasiri anayemgeuza “mke wa kasisi” kuwa “mke wa padri”, kwa idhini ya kamusi, amemzushia mtu kashfa.

Upande wa Waislamu tatizo ni jingine. Imamu ni nafasi katika sala, sheikh ni heshima ya elimu, khatibu ni mtoa hotuba ya Ijumaa. Mtu mmoja huweza kuwa yote matatu. Hakuna daraja wala upadrisho. Waraka wa serikali unaotaka saini ya “kiongozi wa dini” kwa hiyo haujasema nani atie saini, na Burundi imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2007, ambako nyaraka za namna hiyo zitazidi kuandikwa kwa Kiswahili. Fasili inayofaa ingeonyesha mambo matatu: nani humpa mtu cheo, jamii ipi hulitumia neno, na mwenye cheo huitwaje anaposalimiwa.