"Much", "many" na mpira wa Australia

Nimejaribu hapa Likasi somo la Kiingereza linalofundisha "much" na "many" kwa kanuni za mpira wa Australia. Wazo si baya: wachezaji 18 kila upande, goli pointi 6, vyote vinahesabika, basi ni "many", muda ni "much". Lakini saa nzima iliishia kueleza mpira wa umbo la yai na nguzo nne kila mwisho wa uwanja. Binti hodari wa darasa akanyamaza kabisa. Shida yetu iko kwingine: mtaani tunasema "batu mingi, mayi mingi", na Kifaransa nacho kina "beaucoup" moja tu. Kesho naanzia sokoni: mifuko ya makala, "many", unga, "much". Mtunzi hakuuliza sisi tunahesabu nini.