Je, Duka Liondoe Michezo ya Vita?

Wazazi wengine wa parokia zetu hapa Kisangani wametuletea swali, nasi tumeona vema kulijibu kwa urefu kidogo. Wanauliza: Baada ya msiba mkubwa wa mauaji, je, yapasa wenye maduka waondoe michezo ya video inayoonyesha vita na kuua watu?

Swali hili halikutoka hewani. Ugomvi wa mashamba kati ya Wambole na Walengola, ulioanza Februari 2023, ulimwaga damu nyingi kule Lubunga na kando kando yake. Nyumba zilichomwa, na watu wengi walivuka mto kuja kukimbilia upande wa Makiso. Mzazi aliyeona mambo hayo, kisha akamkuta mtoto wake mbele ya televisheni akishangilia kupiga watu risasi, lazima moyo wake ushtuke. Hatumlaumu. Lakini ili tusijibu kwa hasira, tutazame kwanza habari za watu waliokwisha kufanya jambo hilo.

Tarehe 22 Julai 2011, katika nchi ya Norwei, mtu mmoja aliua watu 77. Watu 8 aliwaua kwa bomu mjini Oslo, na 69 walikufa alipowashambulia kwa bunduki katika kisiwa cha Utøya, ambako vijana wa chama cha siasa walikuwa wamekusanyika kambini. Mwuaji huyo aliandika, na mwaka 2012 akasema tena mbele ya mahakimu, kwamba alijizoeza kulenga kwa msaada wa mchezo wa video uitwao Call of Duty: Modern Warfare 2. Siku chache baada ya mauaji, kampuni kubwa ya maduka ya nchi ile, Coop, iliondoa aina 51 za michezo ya vita na vinyago vya silaha. Haikuondoa mchezo ule mmoja tu. Iliondoa hata World of Warcraft, ambao vita vyake ni vya hadithi, vya panga na uchawi.

Ndugu msomaji, angalia vema sababu aliyoitoa mkubwa wa maduka hayo. Hakusema kwamba michezo ndiyo iliyoua. Alisema kwamba wako wengine wanaofaa kuliko yeye kupima madhara ya michezo. Lakini kwa saa ile aliona yafaa kuiondoa, wala hasara ya fedha haikuwa neno. Maana yake, alifanya kama tunavyofanya sisi tunapozima redio kwa kuwa jirani amefiwa. Redio haikumwua mtu. Lakini nani mwenye adabu atakayeipiga kwa nguvu karibu na matanga? Tendo hilo ni la heshima, nasi tunalisifu.

Hata hivyo, si haki kuhukumu kitu bila kukijua. Tuutazame mchezo wenyewe. Ulitoka mwaka 2009, na ndani yake mna sehemu moja iliyoleta makelele mengi duniani. Mchezaji anakuwa mpelelezi aliyejificha kati ya magaidi. Anaingia pamoja nao katika uwanja wa ndege wa Moscow, nao wanawamiminia risasi wasafiri wasio na silaha. Mchezaji halazimishwi kupiga risasi. Aweza kutembea tu nyuma yao. Tena anaonywa kabla, na akitaka aweza kuiruka sehemu hiyo yote. Watetezi wa mchezo husema kwamba mambo hayo yanamfundisha mtu kuchukia ugaidi.

Huenda nia ilikuwa njema. Sisi hatusemi kwamba kosa ni kuonyesha damu, maana Biblia nayo inaonyesha damu tangu kurasa zake za kwanza. Lakini Kaini akiisha kumwua Abeli, Mungu anamwuliza habari za ndugu yake, naye hana pa kujificha. Katika mchezo hakuna anayeuliza. Waliouawa hawana jina, hawana mama, hawazikwi. Mchezaji anapewa kazi nyingine na kusonga mbele. Na pale ambapo watu wengi wanacheza pamoja, kila aliyeuawa ni alama kwa aliyemwua, na baada ya sekunde chache anasimama tena akiwa mzima.

Sisi wa Kisangani twajua kwamba sivyo. Tulikuwa watoto mwezi wa Juni 2000, wakati jeshi la Rwanda na jeshi la Uganda, yote mawili mageni, yalipopigana ndani ya mji wetu tangu tarehe 5 hadi tarehe 10. Makombora yaliyoanguka yalihesabiwa kwa maelfu. Tulilala chini ya vitanda, tukiwasikiliza wakubwa wakisali rozari kwa sauti ndogo. Wafu wengine walizikwa uani, kwa kuwa njia ya kwenda makaburini haikupitika. Umoja wa Mataifa, katika taarifa ya mwaka 2010, ulitaja raia kati ya 244 na 760 waliokufa. Fikirini: miaka kumi ilikuwa imepita, na bado hesabu haikupatana. Tena Mahakama ya Kimataifa ya La Haye ilichukua hata mwaka 2022 kuamua kwamba Uganda iilipe Kongo dola milioni 325 kwa maovu ya jeshi lake katika nchi yetu. Ilikuwa miaka 22 tangu siku zile sita, na walioumia walikuwa bado wanatunza karatasi zao wakingoja.

Hivyo ndivyo kifo cha vita kilivyo. Mtu mmoja akiuawa, jamaa nzima inachukua mzigo huo kwa miaka. Hapo ndipo tunapouona ubaya wa mchezo huu: unamzoeza kijana kuona kifo kisicho na uzito.

Je, basi, unamgeuza kijana kuwa mwuaji? Hapa tujihadhari tusiseme kupita tunavyojua. Chama kikubwa cha wanasaikolojia wa Marekani, kilichopima uchunguzi mwingi, kilitangaza mwaka 2020 kwamba hakuna ushahidi wa kutosha wa kusema kuwa michezo hii inaleta matendo ya jeuri kubwa kama mauaji. Kilikubali tu kwamba kuna uhusiano mdogo na ukali wa kila siku, kama vile kufoka na kusukumana.

Wala si lazima kwenda Marekani kutafuta ushahidi. Machi 1997 jeshi la AFDL liliingia mji wetu, na kati ya askari wake walikuwamo watoto waliobeba bunduki ndefu karibu sawa na kimo chao. Watu waliwaita kadogo. Je, watoto hao walijifunza kuua kwa michezo ya video? Wengi walitoka vijijini kusikokuwa na umeme. Aliyewafundisha ni mtu mzima, aliyewatoa kwa mama zao, akawapa silaha ya kweli, akawaambia kwamba adui si mtu. Na kule Lubunga vilevile. Kwanza palikuwa na neno la ardhi. Kisha ukaja uvumi. Kisha maneno ya chuki, yaliyosemwa na wakubwa huku wadogo wakisikiliza. Tukiisha kulaumu televisheni, tusisahau kuwauliza wakubwa hao.

Msiba mwingine unatuonyesha hatari ya kuondoa kitu kisicho chenyewe. Tarehe 3 Agosti 2019, katika mji wa El Paso huko Marekani, mtu mwenye bunduki alishambulia duka la Walmart, na watu 23 wakapoteza maisha. Siku chache baadaye kampuni hiyo iliamuru maduka yake yaondoe matangazo na maonyesho ya michezo ya jeuri. Lakini michezo yenyewe iliendelea kuuzwa. Na bunduki pia ziliendelea kuuzwa katika maduka yake. Watu wengi walistaajabu, na kwa haki. Kuficha picha ya bunduki na kuacha bunduki yenyewe mezani ni kufukuza moshi na kuacha moto. Mwezi wa Septemba kampuni ilitangaza kwamba itaacha kuuza risasi za bastola na za bunduki za namna fulani. Tendo hilo la pili, hata kama halikutosha, lilikuwa na maana kuliko lile la kwanza.

Sasa turudi kwetu. Hapa Kisangani mchezo wa vita haukai dukani ukingoja mnunuzi. Unakuja katika diski zilizonakiliwa, bila jalada. Hata ile alama ya umri wa miaka 18, inayobandikwa juu ya mchezo huo huko Ulaya, haifiki kwetu. Watoto wanacheza katika chumba kidogo cha kartie, chenye televisheni moja au mbili na jenereta ya kusaidia umeme ukikatika. Mtoto analipa franka zake kwa kila mchezo. Mara nyingi anacheza mpira wa miguu, na hapo hatuoni ubaya, ila kama amekimbia shule. Mwenye chumba naye ni kijana anayetafuta chakula cha siku. Tukipiga kelele tu kwamba viondolewe, tutamwondolea huyo riziki, na michezo itahamia katika simu, mahali ambapo hakuna mkubwa anayepita.

Tena jambo hili si geni katika Kongo. Katika miaka ya 1950 wazee walisumbuka hivyohivyo kwa ajili ya sinema za kauboi. Serikali ya Wabelgiji ilikuwa na tume ya kuchungua filamu, ikakataza nyingi zisionyeshwe kwa Waafrika. Hata hivyo, kule Leopoldville vijana waliiga makauboi, wakajiita Bills kwa kufuata jina la Buffalo Bill, wakafanya magenge na kupigana. Ndipo mmisionari mmoja wa Scheut, Padri Jozef De Laet, akaenda kukaa nao na kufanya urafiki nao, hata wakamwita Padri Buffalo. Tume ilishughulika na filamu. Padri huyo alishughulika na vijana. Papa Pius XII naye, katika barua yake Miranda Prorsus ya mwaka 1957, hakuwaambia Wakristu wakimbie sinema, redio na televisheni. Alitaka watu walelewe ili wajue kuzitumia na kuzipima.

Sisi tulijaribu kidogo njia hiyo. Jumamosi moja, baada ya katekisimu, tuliingia katika chumba cha michezo tukaketi na wavulana watano. Mmoja alipomwangusha adui yake, tulimwuliza: “Huyu uliyemwua anaitwa nani?” Wote wakacheka. “Mwalimu, huyu hana jina,” akajibu. Tukawauliza kama nyumbani kwao kuna mtu aliyekufa katika vita ya siku sita. Walinyamaza. Kisha yule aliyekuwa ameshika mashine akasema kwamba dada mkubwa wa baba yake alikufa kwa bomu, akalitaja jina lake. Mwingine hakujua, akasema atamwuliza bibi yake. Hatukuwahubiri zaidi. Wakaendelea kucheza, lakini tulitoka tukiwa na hakika kwamba swali lile limeingia.

Kwa hiyo jibu letu kwa wazazi ni hili. Siku za msiba, mwenye duka au mwenye chumba cha michezo aondoe michezo ya kuua watu, wala asingoje kuamriwa. Ni deni lake kwa wafu na kwa waliofiwa. Siku nyingine zote, asimruhusu mtoto mdogo kucheza michezo ya wakubwa, hata kama mtoto ana franka mkononi. Lakini mzazi asidhani kwamba duka litamlelea mtoto wake. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Baba na mama waingie mara moja moja katika chumba kile, waone kinachochezwa, waulize. Zaidi ya hayo, wachunge maneno yao wenyewe mezani wanapotaja kabila jingine, kwa maana hayo mtoto huyasikia kila siku, tena bila kulipa kitu.

Na tuwaambie watoto majina ya wafu wetu. Kila mwaka mwezi wa Juni tunawaombea waliokufa katika vita ya siku sita. Mwaka huu mzazi amchukue mtoto wake Misani, na wakirudi njiani amsimulie ni nani aliyekufa katika jamaa yao, alikaa wapi, alipenda nini, na nani alimlilia.