Fanksheni "Hubadilisha" Nini? Uhakiki wa Kitenzi Kimoja katika Ufundishaji wa R kwa Kiswahili

Sentensi "fanksheni hubadilisha hoja iliyopewa" haina kosa la kisarufi. Kasoro yake ni ya kimaana, na katika lugha ya programu ya R kasoro hiyo inaweza kuharibu matokeo ya utafiti. Kitenzi badilisha hudai mtendwa anayeathirika: aliyebadilisha rangi ya nyumba haachi nyumba nyingine yenye rangi ya zamani ikiwa imesimama pembeni. R, iliyobuniwa na Ross Ihaka na Robert Gentleman katika Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand, huiacha.

Chukua jedwali liitwalo kaya, lenye safuwima ya umri ambamo -9 huwakilisha jibu lililokosekana. Mtafiti anaunda fanksheni safisha, inayoandika NA mahali pa -9 na kurejesha jedwali, kisha anaamuru safisha(kaya). Skrini inaonyesha jedwali safi. Hata hivyo, kaya haijaguswa. Fanksheni ilipoanza kuandika juu ya data, R iliipa nakala, na nakala hiyo ikaachwa bila jina baada ya kuonyeshwa. Wastani wa umri utakaokokotolewa baadaye utajumuisha -9 zote, pasipo onyo lolote, na huenda ukafika mezani kwa mshauri wa sera. Ilipasa kuandikwa kaya <- safisha(kaya). Hapo pia fanksheni haikubadilisha kitu; jina kaya ndilo lililohamishiwa kwenye thamani mpya.

Kitenzi kinachofaa, basi, ni rejesha. Badilisha kihifadhiwe kwa mazingira, aina ya kitu ambacho R haikinakili kinapopewa fanksheni, na kwa kifurushi cha data.table, ambacho alama yake := hubadilisha jedwali lenyewe kweli. Kutumia kitenzi kimoja kwa hali zote mbili ni kumnyima mwanafunzi tofauti anayoihitaji zaidi.

Istilahi ahadi, kwa upande wake, imefaulu (jambo lisilo la kawaida katika uwanja huu). R haikokotoi hoja papo hapo, bali huipokea kama ahadi inayotimizwa pale tu inapohitajika. Kwa hiyo hoja yenye kosa ndani yake, ikipewa fanksheni isiyoitumia, hupita kimya.