Forodha Imetamalakiwa, Mpagazi Yuko Wapi?

Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima, wa Hemedi bin Abdallah el-Buhriy, tunausoma kama ushahidi wa wananchi kuupinga ukoloni. Sawa. Lakini sisi tuliotoka Bariadi tuna swali: nani yumo humo, na nani kaachwa nje ya lango?

Hebu tuanze na jina. Halisemi kupiga wala kushinda, linasema kutamalaki, yaani kumiliki kama mfalme. Hapo ndipo penye kiini. Aprili 1888 Sultani Khalifa aliipa kampuni ya Wajerumani haki ya kukusanya ushuru wa Pwani. Agosti wakapandisha bendera, Pangani ikawaka. Bushiri bin Salim akanyongwa palepale Desemba 1889. Mwaka uliofuata Sultani akalipwa marki milioni 4, basi. Mbinu yenyewe ni kongwe: Wareno waliishika Kilwa mwaka 1505, Goa 1510, Malacca 1511. Shika bandari, bara italipa.

Sasa bara ndiyo sisi. Pembe zilizotozwa ushuru zilishuka mabegani mwa Wanyamwezi na Wasukuma, kama pamba ya Simiyu inavyoshuka leo kwa malori. Mbona basi mpagazi si mhusika mkuu hata mara moja? Wapo watakaosema Hemedi alikuwa mtu wa Pwani, yameisha. Mimi naona tatizo liko kwenye fani. Utenzi wa vita, tangu ule wa Tambuka wa 1728, una viti viwili tu: Waislamu huku, makafiri kule. Hemedi aliirithi fani hiyo na kuimudu vizuri sana. Mdachi akakalia kiti cha Mrumi bila taabu. Mpagazi wa Usukuma, ambaye vita si vyake lakini mzigo ni wake, akae wapi jamani?

Hili halimshushi Hemedi hata kidogo. Linatushusha sisi wahakiki, tunaouita utenzi huu sauti ya Tanganyika nzima, ilhali ni sauti ya wenye forodha walioporwa forodha yao (na hasira yao ilikuwa ya haki). Wapagazi nao walikuwa na nyimbo zao za msafara. Waalimu wetu waziweke kwenye kozi hiihii, wiki ileile ya Hemedi, na anayekijua Kisukuma asimame mbele azifafanue.